Shikamoo iliyozima injini

Jamani, leo shikamoo imeniokoa. Sitanii.

Nilikuwa najifunza kuendesha ile boti mpya ya kasi hapa Kilwa Masoko. Mkono wa kulia nimefungwa kamba ya usalama: ikichomoka tu, injini inazimika.

Mwalimu wangu Hamisi anamwita kila mtu ndugu, kama bado tuko enzi za ujamaa.

"Ndugu, ongeza moto!"

Nikaongeza. Pua ya boti juu, macho yamenitoka.

Mara namwona baba mkwe kwenye mtumbwi wake, ananipungia mikono yote miwili.

Sasa nimpite mkwe bila salamu? Nikanyanyua mkono, nikapaza sauti: "Shikamoo baba!"

Kamba ikachomoka. Injini kimya. Hamisi puu, chini!

Boti ikajikokota, ikasimama. Kutazama mbele, maboya ya nyavu za baba mkwe haya hapa. Ningezichana zote. Kumbe mzee alikuwa ananizuia!

"Marahaba, mwanangu," akasema, anahema. "Unajua kufunga breki wewe!"

Hamisi ananitazama. Mimi natazama maji.

Alhamdulillahi. Ila sasa hivi mzee yuko barazani, anawasimulia majirani nilivyo hodari.

Nimwambie, au ninyamaze?