Harufu ya Embe Bandani

Mkata manyoya ya kondoo wa banda letu hapa mjini Te Kuiti hanyooshi mgongo mpaka kengele ya mapumziko ilie. Hapo hupangusa viganja vyenye mafuta ya sufu kwenye suruali, akaketi mlangoni na sigara yake ya umeme, akapuliza mvuke unaonukia embe. Wenzake hawamwachi. "Shangazi, leo tena matunda?" Naye, kwa ile sauti ya mkwaruzo aliyoachiwa na tumbaku: "Kuleni! Afadhali embe kuliko makohozi yenu."

Jana sigara hiyo ilimwishia chaji, chai ikiwa bado ya moto. Aliitikisa, akaivuta kavu, goti likaanza kumcheza. Tipene, mfunga marobota ya sufu, akamrushia mfuko wake wa tumbaku. Vidole vya Shangazi vikachota, vikasokota, ulimi ukapita kwenye karatasi. Sigara ikatoka imenyooka, kama zake za zamani. Akaitazama. Kisha akaipachika mdomoni mwa Tipene.

"Vuta wewe. Mikono ndiyo bado haijaacha. Mimi nimeacha."

Kengele ya kurudi kazini ilimkuta ameshambana kondoo katikati ya magoti, na goti moja bado linatetemeka.