Jirani Aliyeacha Kuku

Soko huria lilipoleta wanunuzi binafsi wa pamba kijijini kwetu Kasoli, mmoja wao, Mwislamu kutoka Tabora, alipanga nyumba jirani na kwetu, yeye na mkewe. Nilikuwa msichana mdogo, na nasema wazi: mke huyo nilimpenda kuliko shangazi zangu wote.

Mama yangu, Mkristo asiyetania na Biblia yake, alichinja kuku kwa mkono wake akamwalika. Mgeni alinawa, akala matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, akanywa maji. Kuku hakumgusa. Kwetu Usukumani hilo ni tusi, na mama alinuna mpaka usiku.

Kesho yake jirani alirudi mwenyewe. "Mayu," alimwita mama kwa Kisukuma, "usinichukie. Nyama yetu huchinjwa na Mwislamu kwa jina la Mungu, damu itoke yote."

Mama akafungua Torati, akakuta humo pia damu imekatazwa. Basi wakawa wanabishana kila jioni wakichambua pamba. Jirani alieleza imani yake: Mungu mmoja asiye na mshirika, malaika, vitabu, mitume, Siku ya Hukumu, halafu swala tano, zaka, saumu ya Ramadhani, na hija kwa mwenye uwezo. Mama alimtajia Wayahudi, aliowajua kwa kusoma tu: nao wana Mungu mmoja, agano la Ibrahimu, sheria ya Musa, Sabato, na nguruwe hawamli.

"Ila wao Masihi bado wanamngoja," mama alisema.

"Sisi tunasema ni Isa, nabii, na atarudi. Na Muhammad ndiye mtume wa mwisho. Hilo Wayahudi hawalikubali."

"Na mimi nasema Yesu ni Mwana wa Mungu. Haya, tuchambue pamba."

Tangu hapo kuku wetu walipelekwa wazima kwa mume wa jirani awachinje, na mama na jirani wakala sahani moja.

Bei ya pamba ikaanguka, wakahama. Jirani aliahidi kurudi msimu ujao. Msimu ulikuja na wanunuzi wengine.

Krismasi mama akanituma nimpeleke kuku kwa Mwislamu mwenye duka, mbali, amchinje. Nikanung'unika kwamba siku hizi wanaomla ni sisi tu.

"Na akitokea leo," mama akauliza, "tumpe nini?"

Nikambeba kuku nikiwa nalia, maana hata mimi tangu asubuhi nilikuwa naitazama barabara.