Nusu njano, nusu nyeupe: Fundi Maulid na gitaa lisilotakiwa kusafishwa

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Maulid Khatibu anafuta meza ambayo ameshaifuta mara mbili. Juu ya meza, kwenye taulo, limelala gitaa la umeme. Upande wake mmoja ni wa njano iliyokolea, kama meno ya mvuta sigara. Upande wa pili ni mweupe pepepe. Mwenye gitaa, mteja wake Trevor, anakuja saa nne kamili, na kwa miaka mitatu hajawahi kuchelewa hata dakika moja.

"Tangu juzi chakula hakipiti," anasema Maulid. "Nikitia tonge mdomoni, namwona Trevor."

Karakana yake ni chumba kimoja cha ghorofani, eneo la Hockley, jijini Birmingham. Chini yake kuna watu wanaosugua pete, na mashine yao inavuma kutwa nzima. Kodi ya chumba ni pauni 320 kwa mwezi. Mwezi ukiwa mzuri, akishalipa kila kitu, Maulid hubakiwa na kama pauni 900. Mwezi ukiwa mbaya, mkewe, Mwanakhamis, anayepika kwenye shule ya chekechea, ndiye anayeishikilia nyumba.

Ana umri wa miaka arobaini na saba. Alizaliwa Unguja, na ufundi aliuanzia kwenye redio, chini ya mzee mmoja aliyeitwa Idd. Mzee Idd alikuwa na sharti moja tu, nalo hakulilegeza hata siku moja: redio ya mteja haitoki dukani na vumbi. Itapigwa brashi, itafutwa, na mbao zake zitapakwa mafuta kidogo.

"Alisema mtu akija, aione redio yake inacheka," anakumbuka Maulid. "Kumrudishia mtu kitu kichafu kwetu ilikuwa ni kumdharau."

Sharti hilo alikuja nalo Uingereza mwaka 2006. Alibeba maboksi ghalani kwa miaka tisa, huku jikoni kwake akitengeneza magitaa ya shule na ya makanisani. Mwaka 2015 akakodi chumba hiki. Wateja wa mwanzo walifurahi sana. Walileta gitaa bovu, wakaondoka na gitaa zima, tena safi.

Kisha wakaja watu wa klabu.

Klabu yenyewe ni ya wenye magitaa ya zamani. Hukutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi katika ukumbi mdogo wa Great Barr, pembezoni mwa jiji, na wanachama wake ni thelathini na kitu. Katika kila kazi kumi anazopata Maulid siku hizi, saba zinatoka kwao. Mwenyekiti wao ni Trevor, mzee aliyestaafu kiwanda cha magari. Neno lake likitoka, hakuna anayelipinga.

Sasa hao watu, jamani, wana mambo. Yupo asiyetaka kuonekana na gitaa ambalo halikutengenezwa Marekani. Yupo anayeapa kwamba ya Kijapani ni bora, lakini ya miaka minne tu, na miaka hiyo anaijua kwa kichwa. Mwingine hunusa mbao kabla ya kugusa nyuzi. Na wapo wanaonunua gitaa jipya lililokwaruzwa kiwandani makusudi ili lifanane na kuukuu, na wanalipa zaidi kwa ajili ya hiyo mikwaruzo.

"Wa kwanza aliponieleza hivyo nilidhani ananitania," anasema Maulid. "Nikacheka. Yeye hakucheka."

Rafiki yake Dubow, dereva wa basi aliyekulia Nairobi na anayekaa mtaa wa Sparkhill, aliwahi kwenda kwenye mikutano yao mara mbili na gitaa lake la Kiindonesia. Hakurudi tena. "Waliniuliza jina ya gitaa kabla ya jina yangu," anasema Dubow. "Nikiwaambia, wanaangalia kando, unajua, kama mtu ameona kitu ya aibu."

Maulid mwenyewe ana siri nyuma ya mlango, imefunikwa kanga. Ni gitaa jekundu alilolinunua pauni arobaini katika duka la mitumba. Halina hata jina la kiwanda. Kila mchana akimaliza kula hulichomeka kwenye spika ndogo na kulipiga dakika kumi. Anasema uzi wake mwembamba unalia kwa utamu ambao hajausikia kwenye gitaa lolote la klabu, na hakubali kulibadilisha hata kwa hilo lililo mezani. Lakini mteja akibisha hodi, kanga inarudi haraka.

"Wakiliona watasema huyu fundi gani," anasema, na safari hii hacheki.

Balaa lilianza Jumanne. Trevor alileta gitaa lake kuu, la miaka ya sitini, ambalo wanachama wanalikadiria kuwa na thamani ya pauni elfu tisa. Swichi ilikuwa inakwaruza. Kama kawaida yake, Trevor hakukaa kwenye kiti. Alisimama mlangoni na kusema maneno yake yale yale: rekebisha swichi, usiguse kingine chochote.

Swichi ilichukua dakika ishirini. Maulid akafunga skrubu, akaweka nyuzi mpya, akalilaza gitaa kwenye taulo. Hapo simu ikalia. Alikuwa Mwanakhamis, akimweleza habari ndefu ya bomba la jikoni linalovuja. Maulid akasikiliza, akajibu, akauliza maswali, na muda wote huo mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kitambaa chenye polishi.

"Nilijua wasivyotaka kusafishiwa. Nilijua vizuri," anasema. "Lakini ule mkono ni wa mzee Idd. Ulikwenda wenyewe."

Njano ile ilikuwa moshi wa sigara wa miaka mingi ya kupiga muziki kwenye baa, na ilikuwa inatoka kwenye kitambaa kwa wepesi wa ajabu. Kufikia bomba kupatiwa ufumbuzi, nusu ya gitaa ilikuwa nyeupe.

Na si hilo tu. Pale ukingoni, mkono wa mpigaji unapoegemea, rangi nyeupe ilikuwa nyembamba, na kitambaa kikaila. Chini yake likatokea doa la ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Doa la bluu.

Maulid alikaa chini. Gitaa ambalo klabu nzima inaliapia kwamba halijaguswa tangu litoke kiwandani lilikuwa limepakwa rangi upya.

Dubow alipopita jioni baada ya zamu, aliliangalia, akavua kofia yake ya kazi. "Wallahi fundi, hii umeharibu. Hiyo uchafu ndiyo bei yake." Kisha akafikiri kidogo. "Chemsha chai ya rangi, ikolee kabisa. Paka na pamba, ikauke, upake tena. Wanafanya hivyo hata hapa."

Maulid alijaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki nyeupe. Chai ilikubali. Kwa mbali huwezi kujua. Ingeifunika nusu ile nyeupe, na ingelifunika na doa la bluu. Trevor angelichukua gitaa lake, mkutano wa Jumapili ungeendelea kama kawaida, na kazi saba katika kila kumi zingebaki.

Asubuhi hii kikombe cha chai nyeusi, ya baridi, kiko mezani kando ya gitaa. Pamba iko tayari. Saa tatu na nusu Mwanakhamis anapiga simu kutoka kazini.

"Umeshapaka?" anauliza.

"Bado."

"Basi usipake, baba Leyla. Ukipaka leo, kila akija utakuwa unatetemeka. Mimi sitaki mume wa kutetemeka."

"Akiniharibia jina je?"

"Tutajua hapo," anasema Mwanakhamis, na sauti yake haina uhakika wowote.

Maulid anachovya pamba. Anaishika juu ya gitaa mpaka tone moja linaangukia taulo. Anairudisha kikombeni. Anachovya tena. Saa nne kasoro dakika mbili anasikia viatu kwenye ngazi, na pamba bado iko mkononi.

Trevor anasimama mlangoni kama siku zote. Macho yake yanakwenda kwenye gitaa, kisha kwenye pamba, kisha kwenye kikombe.

"Hiyo chai si ya kunywa," anasema kwa Kiingereza chake kizito cha Birmingham.

"Si ya kunywa," anajibu Maulid. Kisha anamwaga yote kwa mkupuo mmoja: mkono, kitambaa, simu. Anaomba radhi mara tatu. Mwisho, kwa kidole, anamwonyesha lile doa. "Na hapa, Bwana Trevor. Samahani. Gitaa hili lilipakwa rangi na mtu kabla hujalipata. Walikudanganya waliokuuzia."

Trevor anavuta kiti, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, anakaa.

"Hakuna aliyenidanganya," anasema. "Nilipaka mwenyewe. Mwaka sabini na tisa, kwenye banda la mama yangu, kwa rangi ya magari niliyotoka nayo kiwandani."

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Aliliona kwenye dirisha la duka likiwa bluu, na akalipenda kwa ule ubluu wake. Wenzake wa bendi wakamcheka. Wapigaji wakubwa wote wakati huo walishika meupe, walimwambia, la bluu ni la watoto. Akavumilia wiki tatu. Kisha akalipaka, na kazi iliyobaki ikafanywa na moshi wa baa.

"Miaka thelathini na tisa nawaambia watu wasiliguse," anasema, akiligusa lile doa kwa dole gumba. "Wanadhani ni heshima. Ni woga."

Mashine ya chini inavuma. Maulid anasubiri kuambiwa kwamba hatapewa kazi tena.

"Bluu yote bado ipo huko chini?" anauliza Trevor.

"Ipo. Nikienda polepole na msasa laini, wiki tatu."

"Na bei yake?"

"Ya gitaa? Sijui, Bwana Trevor. Huenda ikashuka."

Trevor anaitikia kwa kichwa taratibu. Anamtaka aanze leo. Jumapili ya kwanza ya Desemba atalipeleka ukumbini likiwa bluu, awaambie wenzake kwa mdomo wake mwenyewe. Kuhusu kuandikwa gazetini hana kinyongo, baada ya kuhakikishiwa kwamba hakuna mwanachama anayesoma Kiswahili. Ana sharti moja.

"Uje na wewe," anasema. "Sitaingia mle peke yangu."

Maulid anakubali kabla hajafikiri. Trevor akishashuka ngazi, hofu inarudi palepale. Kama watu wale wakimgeuka mwenyekiti wao, watamgeuka na fundi wake, na kodi ya Januari haina pa kutokea. Anamwaga chai kwenye sinki na kukisuuza kikombe.

Kisha anakwenda nyuma ya mlango, anaivua kanga na kuikunja. Gitaa jekundu analitundika ukutani, juu ya meza, mahali ambapo mtu akifungua mlango ataliona kwanza.

"Siku hiyo nitakwenda na langu," anasema. "Wakiuliza jina lake, nitawaambia halina. Halafu nitaomba waya wa kulichomeka."