Dhamana ya Miaka Mitatu

Kwa muda mrefu Bi Chapa alipiga chapa mienendo ya kesi mahakamani, na jina hilo la utani halikumwacha hata alipostaafu. Kwake, neno dhamana lilikuwa na maana moja tu: mtu anatoka mahabusu, anarudi kulala kwake. Kwa hiyo muuzaji wa kompyuta aliposema, "Mama, hii ina dhamana ya mwaka mmoja, ila ukiongeza kidogo inakuwa mitatu," alimtazama juu ya miwani.

"Kwani imeshtakiwa kwa kosa gani?"

Mumewe, aliyeketi karibu na feni ili apate pumzi, alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa mwalimu wa jiografia. Ujanani aliufuata mto mmoja kwa miguu, kutoka kwenye chemchemi hadi baharini, na hakuna somo alilolifundisha bila kuutaja. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka. Kompyuta ilitakiwa kwa ajili ya kuiandika safari hiyo: yeye asimulie, mkewe achape.

"Usiongeze," alisema. "Mwaka unatosha. Mimi mwenyewe dhamana yangu imeshakwisha, na risiti sijui iko wapi."

Muuzaji alicheka, kisha akajutia kicheko chake. Bi Chapa hakucheka. Tangu daktari awaambie waishi siku kwa siku, mumewe alikuwa akiharakisha kila kitu. Suti zake alishazigawa. Juzi jikoni, walipojaribu kuanza simulizi, aliyaruka maporomoko yote kwa sentensi moja ili afike baharini mapema.

Feni ilizunguka taratibu. Kwenye rafu, vioo vyote vya kompyuta vilionyesha picha ileile ya maji ya buluu, na Bi Chapa akaona kama maji yanahama kutoka kioo hadi kioo, yanashuka sakafuni bila sauti na kumlowesha vidole vya miguu. Akajiona na mumewe mwaka wa kwanza, bado wako chemchemini, wanabishania rangi ya mawe. Mwaka wa pili wanazungumza kwa kupaza sauti, maana maporomoko yananguruma. Mwaka wa tatu bahari haijaonekana, inanukia tu kwa mbali, na hakuna mwenye haraka.

"Mama? Niandike mmoja au mitatu?"

"Mitatu."

"Mke wangu, hiyo ni kutupa pesa."

"Hayo maporomoko nimeyasikia tangu uchumba wetu," alisema Bi Chapa. "Huwezi kuyapita kwa sentensi moja halafu uniambie tumefika."

 Mwalimu alikizungusha kiti chake polepole, akamgeukia muuzaji.

"Pale tulikaa wiki nzima, unajua. Ukungu ulikuwa unalowesha hata viberiti mfukoni. Usiku wa kwanza..."

Muuzaji aliiacha kalamu hewani, akisikiliza.

"Taratibu, mwalimu," alisema Bi Chapa, akivuta kiti. "Mashine hata hatujaiwasha."