Nilivyookolewa Goba Nikiwa Naoga

Kama kuna mtu hapa hajaiona ile klipu, namwomba asiitafute, na kama ameshaiona basi anisikilize mpaka mwisho, maana yule jamaa anayebebwa kwenye machela akirusha mateke, mwili mzima povu, mkononi kashika kitaulo cha kunawia uso, ni mie, Edson, mwalimu wa jiografia, mtu mzima mwenye akili zangu timamu, na aibu niliyoipata siku ile imeshapoa kidogo ila hasira bado kabisa.

Kuna mradi ulipanga nyumba kule Goba, juu kilimani, wakaziba madirisha yote, wakaweka milango isiyopitisha hewa, wakatuingiza watu wanne tukae humo wiki baada ya wiki bila kutoka, tuishi kama watu walio kwenye kituo cha anga, zile safari ndefu ambazo mtu anakaa huko juu miezi na miezi na akiumwa hakuna hospitali ya kukimbilia. Walichotaka kujua hakikuwa sie tutafanya nini (sie tulikuwa panya wa maabara tu), walitaka kujua kama mtu aliye mbali anaweza kulinda uhai wa wenzake kwa kutazama skrini. Kwa hiyo kila mmoja alifungwa mkanda kifuani wa kusoma mapigo ya moyo, kulala nao kuamka nao, kuta zikajaa vipima hewa, na kila asubuhi nilikuwa natangaza kwenye redio, "Edson hapa, mkojo leo una rangi ya chai," mie ambaye wanafunzi wangu husimama nikiingia darasani.

Aliyekaa mbele ya skrini huko nje alikuwa Sista Agripina, muuguzi mpole lakini makini kupita kiasi, ukikohoa tu anauliza. Juu yake alikuwepo Dokta Mbaga, mkuu wa mradi, ambaye kwa maoni yangu anapenda kipaza sauti kuliko anavyopenda wagonjwa.

Sasa ule mkanda, jamani. Joto la Dar mnalijua, halafu uko kwenye nyumba iliyozibwa, plastiki imekukaba kifuani, vipele vikanitoka kama nimemwagiwa upupu. Nikalalamika, Dokta akasema, "Vumilia, mwanaanga." Nikavumilia.

Ikafika siku ya wageni. Uani walifunga turubai, viti, MC, spika, na skrini kubwa ya kutuonyesha sie tulio ndani. Mchumba wangu Joyce akaniletea salamu kupitia Sista kwamba anakuja na wazazi wake kutoka Mbweni. Naomba mlielewe hilo vizuri: posa nilishapeleka, jibu lilikuwa halijatoka, na Mzee Kaaya, babake Joyce, alikuwa ameuliza zaidi ya mara moja ni mwalimu gani huyo anayeacha shule akajifungie kwenye nyumba Goba. Kwa hiyo ile ndiyo ilikuwa siku yangu. Wenzangu walikuwa sebuleni wakijibu maswali ya wageni kwenye skrini, zamu yangu ilikuwa inafuata, nikasema ngoja nioge niwe nadhifu.

Kuoga kwenyewe ni kwa kianga, yaani hakuna kumwaga maji, unajipaka sabuni halafu unajifuta kwa kitaulo kilicholoweshwa. Nikataka nisugue vile vipele vizuri. Nikaita kwenye redio, "Sista, Edson hapa, naomba kuvua mkanda nioge." Kimya. Nikaita tena. Kimya. (Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba Dokta alikuwa anahutubia, akaagiza redio izimwe sauti kwa sababu inamkatizakatiza! Redio ya usalama! Inamkatiza!) Nikajisemea, dakika chache tu, kuna nini, nikauvua nikautundika kwenye ndoano.

Basi hapo ndipo nilipojimaliza.

Kumbe huko nje umeme ulikuwa umekatika (vyombo vya kituo na skrini vilikuwa na betri zake), na ili MC asikose sauti, watu wa muziki wakawasha jenereta, na wakaliweka wapi? Nyuma ya nyumba, chini kabisa ya bomba linalotuvutia hewa ndani. Moshi ukaanza kuingia. Sista Agripina anaona vipimo vya hewa vinapanda, anageuza macho kwenye mioyo, mitatu inapiga, wa kwangu umenyooka mstari. Nyie mngewaza nini?

Akabonyeza king'ora, akairudisha sauti ya redio. Mie king'ora nilikisikia vizuri sana, nikasema hayo ndiyo maonyesho ya wageni, nikaendelea kujipaka sabuni kichwani. Wenzangu wakavaa barakoa za hewa wakakimbilia chumba cha kukutania kama tulivyofundishwa, wakaripoti, "Edson hayupo!" Na ghafla mlango wa bafu ukaja ndani wote, pamoja na vijana wawili wa uokoaji wenye miili ya mabaunsa, na Sista nyuma yao kavaa barakoa.

"Edson! Unanisikia?"

"Nakusikia! Naoga! Tokeni!"

Sabuni ikaniingia machoni, nikarudi nyuma, nikakanyaga povu nikaenda chini puu.

"Ameshindwa kusimama," Sista akasema. "Macho mekundu. Edson, niambie, leo ni siku gani?"

Sasa jamani, mtu aliyefungiwa kwenye nyumba isiyo na dirisha, anaishi kwa saa ya kituo, atajuaje leo ni siku gani? Nikabahatisha, "Jumatano!" Ilikuwa Jumamosi.

"Mnaona? Edson, uko wapi hapa?"

Na hapa najilaumu kidogo, kwa sababu tulifundishwa kila siku kwamba swali hilo lina jibu moja, na mdomo ukajibu wenyewe kabla sijafikiri. "Niko angani, tunaizunguka dunia."

"Masikini wa Mungu," akasema yule baunsa mmoja.

Kuanzia hapo kila nilichosema kilikuwa ugonjwa. Nikikataa, nimechanganyikiwa. Nikipiga kelele, hewa imeniingia ubongoni. Nikisema "mie mzima," wanatazamana kwa huruma. Wakanibana barakoa ya oksijeni usoni, wakanifunga mikanda kwenye machela, wakanirushia lile blanketi la karatasi ya kung'aa, tukatoka nje mbio, na ule mlango ambao haukuwa umefunguliwa tangu tuingie ukafunguliwa kwa ajili yangu mie ninayeoga.

Uani watu wote wakageuka. Halafu MC, ambaye Mungu atamuuliza, akadhani ni sehemu ya ratiba. "Mabibi na mabwana, hivyo ndivyo mwanaanga anavyookolewa! Makofi tafadhali!" Makofi yakapigwa. Muziki wa singeli ukawekwa. Simu zikainuliwa juu. Na upepo wa kilima cha Goba ukapita, ukalichukua lile blanketi likaenda zake kwa jirani.

Machela ilikuwa imesimama mbele ya mstari wa kwanza. Nikageuza shingo, nikakutana macho kwa macho na Mzee Kaaya. Mie nimelelewa. Nikasema ndani ya barakoa, "Shikamoo baba."

"Marahaba," akaitikia, kwa mazoea tu nadhani, halafu akatazama mbinguni.

Mama yake Joyce ndiye aliyeniokoa kwelikweli siku ile. Aliivua khanga ya mabegani, akageuza uso pembeni kabisa, akaitupa, ikanifunika.

Waliponifungua nilisimama, khanga kifuani kama mwari, na Dokta Mbaga akashika kipaza sauti chake akasema, "Samahani wageni, mwanaanga wetu mmoja alikiuka utaratibu akavua kifaa." Nyie, damu ilinichemka.

"Niliita redio!" nikapaza sauti. "Niliita mara mbili! Nani aliizima? Na hilo jenereta chini ya bomba la hewa, nani kaliruhusu? Wenzangu watatu wangelala humo ndani na nyie mnapiga singeli!"

Jenereta likazimwa. Spika zikanyamaza, Dokta akabaki anakigongagonga kipaza sauti chake. Kisha kuna mtu kule nyuma akaanza kucheka, akimnyooshea Sista Agripina kidole, eti nesi kavunja mlango kumwokoa mtu anayeoga, na wengine wakadakia. Nikamtazama Sista. Alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, barakoa ipo mapajani, kifuniko cha chupa ya maji anakizungusha hakifunguki.

"Nilijua umekufa, Edson," akaniambia taratibu. "Nilijua nimechelewa."

Nikaichukua ile chupa nikamfungulia.

Mradi ulivunjwa siku ileile, maana mlango ukishafunguliwa safari imekwisha. Jibu la posa lilikuja baada ya muda, mshenga alirudi kutoka Mbweni anacheka hawezi kusema, akaniambia wamekubali, ila Mzee Kaaya kasisitiza siku ya kuleta mahari kijana aje amevaa. Mpaka leo nikipita Mwenge kuna muuza vinyago anaita, "Mwanaanga! Leo siku gani?" na mie naongeza mwendo, ingawa ndani naungua.

Nimeapa, mkanda wa namna ile sivui tena bila mtu kunijibu, hata vipele viote majani. Na anicheke mie anayetaka, nimeshazoea, lakini akimcheka Sista Agripina mbele yangu tutakosana, kwa sababu siku moyo wangu utakaponyooka kweli, namtaka yule yule, na avunje mlango wowote atakaoukuta.