Uso Wangu Nyuma ya Kigoda

Mdogo wangu alipewa kigoda cha ukoo nikiwa nimesimama pale pale, mimi mkubwa, mimi niliyembeba mgongoni akiwa bado anatoka kamasi. Kwetu milimani ukoo hufuata mama, na wajomba ndio humchagua binti wa kuvaa bangili ya shaba ya bibi na kukata mashauri ya mashamba. Wakamchagua yeye. Nilipouliza kwa nini, mjomba mmoja akanijibu, "Wewe ukikasirika hata mbuzi wanakimbia." Nikamtukana papo hapo, kwa hiyo nadhani nilimthibitishia.

Basi nikapewa kazi ya dada mkubwa: kusimama nyuma yake na usinga kila anapoketi barazani. Anayekalia kigoda hageuki nyuma mpaka shauri liishe, ndiyo desturi, na mgongo wake ni amana ya dada yake. Watu walikuwa wakiniambia, "Ana bahati kuwa na dada kama wewe," nami naitikia, "Eeh, kwani si damu yangu?" huku roho inaniunguza. Kila asubuhi alikuja jikoni kwangu, bangili mkononi, akaniamkia, "Shikamoo, dada." Hata hiyo ilinikera. Angekuwa na kiburi ningemchukia kwa raha zangu.

Na kazi aliijua, lazima niseme kweli ingawa sipendi. Wadachi walipotaka watu wetu wote washuke kuchimba barabara msimu wa kupanda, yeye ndiye aliyeteremka Morogoro kwa miguu, akaketi mbele ya boma siku tatu, hadi bwana mkubwa akakubali waende kwa zamu. Tuliporudi, wanawake walimpokea kwa vigelegele mpaka masikio yakaziba. Mimi nilikwenda naye safari ile ile, nikalala chini pale pale alipolala, na hakuna aliyeniuliza hata kama nimekula.

Sifa hizo ndizo zilizomleta Mdachi mmoja mwenye kisanduku cha kupiga picha zinazotembea. Alipanda mlima na wapagazi, na mpishi wake, mtu wa pwani, ndiye aliyekuwa mkalimani. Alitaka picha ya maisha ya mdogo wangu: alivyolima na mama, alivyovishwa bangili, anavyokata shauri.

"Yaani tumvishe tena?" nikauliza.

"Ndiyo, mama," akasema mpishi. "Kama siku ile ile."

Jamani! Siku ile moja ilikuwa imenitosha. Tuliirudia mara nne, maana kila tukianza wingu linatanda juu ya mlima na Mdachi anataka jua. Wajomba wanamvisha, wanamvua, wanamvisha. Wanawake wanapiga vigelegele hadi wanakauka koo. Na mimi nyuma na usinga wangu, najiambia, haya, vumilia, hakuna anayekuangalia wewe. Mpishi alitukataza kukitazama kisanduku, nami sikukitazama. Nilimtazama mdogo wangu tu, na bangili ile.

Mwezi ulipopita tukaitwa mjini kuiona picha. Ghala la pamba karibu na stesheni lilifungwa milango mchana kweupe, magunia yakatundikwa madirishani, na shuka jeupe likawambwa ukutani. Mdogo wangu akapewa kiti cha mbele. Akanivuta mkono. "Kaa hapa, dada, tujione pamoja." Alikuwa anacheka kama mtoto, na mkono wangu hakuuachia.

Taa ikawaka, kisanduku kikaanza kutatarika, na mara akatokea yeye shukani, na jembe lake. Ghala likalipuka kwa kelele. Kisha wajomba wakaja, na bangili, na nyuma ya bega lake nikatokea mimi, mkubwa kuliko mlango. Maishani nilikuwa nimejiona kwenye maji ya mto na kwenye kioo cha duka la Mhindi, na kote huko nilijitengeneza uso kwanza. Huyu wa shukani hakujitengeneza. Midomo imebanwa, macho yamekazwa kwenye kisogo cha mdogo wangu, na usinga ameushika kama fimbo ya kumpigia mbwa. Mtani wetu mmoja akapaza sauti, na mtani hazibwi mdomo: "Mwoneni dada mtu! Angekuwa na panga badala ya usinga, kisogo kile kisingepona!"

Watu wakaangua kicheko. Mdachi, akidhani wamefurahi, akairudia picha tangu mwanzo.

Na mimi nilicheka, ningefanya nini tena? Mdogo wangu hakucheka. Kiganja chake kilikuwa bado mkononi mwangu, na nilikisikia kikilegea kidogo kidogo, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka ukabaki mkono wangu peke yake juu ya goti.

Tulipotoka nje akaniuliza, bila hasira, "Tangu lini, dada?"

Ningeweza kusema ni jua lilinipiga machoni. Nikasema, "Tangu siku ile."

"Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa naketi nimetulia," akasema.

Tulifika pale njia inapoanza kupanda, nyembamba, ya mtu mmoja mmoja. Nikasimama kando ili apite, kama kawaida, kiongozi mbele. Hakupita.

"Tangulia, dada."

Heshima niliyoililia miaka yote, ya mkubwa kutangulia, nikapewa pale kwenye matope. Nikatangulia. Kila nilipopunguza mwendo anifikie, naye alipunguza, na hivyo ndivyo tulivyopanda mpaka nyumbani.