Ukoko wa Daktari

Nimechoka na pilipili. Kila Jumamosi naweka meza yangu chini ya ghorofa letu hapa Albert Park, ugenini kwa Wazulu, napakua wali uliopikwa pamoja na maharagwe meusi, vitunguu saumu na bizari, kama marehemu mume wangu alivyonifundisha. Alikuwa daktari, mtu wa Kuba, na nyumbani kwao pilipili haikuingia jikoni. Mteja anaonja kijiko kimoja, ananitazama kwa huruma.

"Mama, pilipili iko?"

Haiko.

"Eish, hata kidogo?"

Haiko hata kidogo. Wakongo wenzangu ndio wabaya zaidi. Kuna mmoja huja na chupa yake mfukoni, nami hugeuka nisione.

Dada yangu ananiambia niache ubishi, niweke pilipili ili watu wapate kula. Angejua. Tangu nimzike yule mwanaume, kumpikia ndiyo kazi pekee niliyobaki nayo. Nilitaka mtu mmoja tu ale kama alivyokula yeye.

Ukoko siuzi. Kwetu ukoko ni wa watoto. Kwao Kuba watu wazima waliugombania. Alikuwa anaukwangua mwenyewe, ananigawia nusu, nusu yake anaila amesimama palepale jikoni. Siku hizi naukwangua mimi, naula wote, nimesimama. Hata njaa sina. Nakula tu.

Jumamosi iliyopita wali uliisha mapema. Nilikuwa nimeshaingiza viti ndani alipofika bibi kizee mmoja, gogo kama wanavyoitwa hapa, muuza mitishamba wa soko la Warwick, anaburuta mguu uliovimba. Nikamwambia chakula kimeisha, pole. Akachungulia sufuria, akaniambia kwa Kizulu chake, ambacho nimeshakizoea, nimkwangulie ukoko.

Nilitaka kukataa, jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa ametembea na mguu ule kutoka sokoni. Nikachukua mwiko, nikamkwangulia nusu, nikasubiri aulize pilipili. Hakuuliza. Alitafuna polepole, amesimama, akalamba vidole, akanirudishia sahani.

"Na hiyo nusu ni ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Basi mfunikie vizuri," akasema. "Atakuja na njaa."

Nikaitazama sufuria. Nikachukua tena mwiko, nikakwangua mpaka chini, nikamwekea yote kwenye sahani.

"Kula tu, gogo," nikamwambia. "Hatakuja."